Kona za Ukweni

Wenzangu wana presha, wana sukari, wana wenye nyumba wakorofi. Mimi nina kona. Nipeleke Morogoro, nalala mpaka konda anishike bega. Nipeleke Dodoma, nakula njiani na kushushia soda. Nipeleke Lushoto, basi, kwisha habari. Pale Mombo gari likishaiacha tu barabara ya Arusha na kuanza kupanda mlima, mate yananijaa mdomoni. Kilomita thelathini na kitu tu, lakini hakuna mahali zimenyooka. Na ukweni kwangu ni wapi? Lushoto. Wanawake wote wa nchi hii, nikaenda kuoa mlimani.

Ya juzi ndiyo imenimaliza. Kipanya kimejaa, konda ananisukuma, "Anko, kaa hapo." Hapo ni wapi? Kile kibao cha nyuma ya dereva. Unakikalia ukiangalia nyuma, magoti yako na ya mwenzio yanasalimiana. Watu wote wanakwenda mbele, mimi nakwenda kinyumenyume, na abiria wote macho kwangu. Nimepiga shati jeupe. Mkono wa kulia nimeshika kitenge cha mama mkwe. Tumboni nina chapati na maharage ya stendi, maana mke wangu alisema nisile.

Aliyekaa goti kwa goti na mimi ni mzee mmoja, bwana mifugo mstaafu. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, "Marahaba, kijana." Angeishia hapo tungekuwa marafiki mpaka leo.

Kona za mwanzo nikajikaza. Nikajifanya nasoma meseji kwenye simu. Jasho likaanza kunitoka, la baridi, na dirisha halifunguki. Mzee akanitazama kitaalamu: macho, pua, midomo. Nikajua hapa sasa napimwa ng'ombe.

"Mate yamejaa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Safi sana! Hayo mwili unayaleta kulinda meno. Tindikali iko njiani."

Safi sana! Mtu anakufa, anaambiwa safi sana.

Nikapiga kelele, konda, mfuko! Konda akanirushia mfuko mbadala. Wewe unaijua mifuko hiyo. Rambo za plastiki zilipigwa marufuku Juni 2019, na mimi sibishi, mazingira ni yetu sote. Lakini rambo lilikuwa halivuji. Mfuko mbadala ni wa kubebea nyanya, siyo mchuzi. Na mimi nilikuwa na mchuzi.

Hapo mzee ndiyo akachangamka. Eti watu wanalisingizia tumbo bure. Tumbo halisukumi kitu, limelegea zake tu. Unaoanza ni utumbo mwembamba, unarudisha mzigo juu, ndiyo maana mwisho wa yote unatoa nyongo ya kijani. Halafu unavuta pumzi, njia ya hewa inafungwa usije ukapaliwa. Kile kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kinabana toka juu, misuli ya tumbo inabana toka mbele, mlango wa juu wa tumbo unaachia. "Mmeona? Mmeona hiyo?" Anawaonyesha abiria kwa kidole. Mimi kichwa kiko ndani ya mfuko, nasikia tu watu wanasema, "Aaa, kumbe!" Nimelipa nauli kamili, nimegeuka darasa.

Nilipopumua kidogo nikamuuliza, mzee wangu, kwani nimekosa nini? Akasema tatizo ni sikio. Sikio! Mimi natapika kwa mdomo, mzee anasema sikio. Eti ndani kabisa ya sikio kuna kipimo cha mwendo. Sikio linasema tunapinda, tunapanda, tunayumba. Macho yako kwenye simu, yanasema tumekaa tumetulia. Ubongo ukipata taarifa mbili zinazogombana unachanganyikiwa. Mtaalamu mmoja, Michel Treisman, mwaka 1977 aliandika kwamba huenda ubongo unadhani umekula sumu. Zamani za mababu hakukuwa na vipanya. Kilichoweza kuvuruga macho na masikio kwa mpigo ni sumu. Kwa hiyo ubongo unaamuru toa kila kitu, tutaulizana baadaye. Yaani nina mlinzi getini, mwoga, akisikia paka anapiga risasi hewani. Na ana kituo chake kabisa, kule nyuma chini ya ubongo, mahali ambapo ukuta wa kuzuia vitu vya kwenye damu umeachwa wazi makusudi, ili aionje damu kama ina sumu. Kazi yake ni kuonja damu yangu mchana na usiku, halafu anashindwa kutofautisha sumu na kona ya Soni.

"Mbona dereva hatapiki?" nikauliza.

"Dereva kona anaijua kabla haijafika."

Nikauliza kama naweza kubadilishana naye. Suka akasikia. Akaongeza mwendo.

Katoto kamoja kalikopakatwa na mama yake kakanitazama, kakanitazama, kakaanza. Mama yake akafuata. Kijana wa siti ya nyuma, aliyekuwa ananicheka toka Mombo, akaomba mfuko kwa adabu kubwa. Mzee furaha haina mfano. Akasema hii inaambukiza kwa macho, na ina maana yake: zamani mlikula chungu kimoja, mwenzio akitapika na wewe uwahi kutoa kabla sumu haijakukolea. Mama wa mtoto akanikazia jicho. Nikamwambia dada, chungu kimoja mimi na wewe hatujala. Hakunijibu.

Kunifariji, mzee akanipa habari ya Mrusi, Gherman Titov. Agosti 1961 aliizunguka dunia mara 17, na alitapika hukohuko angani, binadamu wa kwanza. Sawa. Titov alirudi shujaa. Mimi nilikuwa sijamaliza hata mlima.

Akahamia kwa wanyama. Mbwa mwitu wakitoka kuwinda, nyama wanaileta nyumbani tumboni, wakifika wanawatapikia watoto, na watoto wanashangilia. "Kwa mbwa mwitu," akasema, "wewe ni baba bora." Nikakitazama kitenge cha mama mkwe. Nikaona afadhali kitenge.

Lakini aliyeniumiza ni chura. Chura akimeza kitu kibaya hahangaiki na mfuko. Analitoa tumbo zima nje ya mdomo, limegeuka ndani nje, analipangusa kwa mkono, analirudisha, anaendelea na maisha. Na anapangusa kwa mkono upi? Wa kulia! Watafiti Naitoh na Wassersug waliliandika hilo mwaka 1996. Kumbe utando unaolishikilia tumbo ni mfupi upande wa kulia, tumbo likitoka linaning'inia upande huo. Sababu siyo malezi. Lakini abiria hawakusikia habari ya utando, wamesikia mkono wa kulia tu. Wote wakautazama mkono niliokuwa najifutia mdomo. Wa kushoto. Wa kulia si una kitenge! Bibi mmoja akasonya. Chura amelelewa, mimi sijalelewa.

Nikasema mzee, niambie mnyama asiyetapika, nihamie huko. Akasema farasi ni shida sana kutapika, mlango wa tumbo lake umebana mno, ndiyo maana tumbo likimjaa ni hatari. Na panya ndiyo kabisa. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, walitoa ripoti: wamejaribu panya na jamaa zake, mpaka simbilisi, wamewapa dawa za kutapisha, hakuna aliyetapika. Ubongo wao hauna mpangilio wa kazi hiyo. Panya akichafukwa roho anakula udongo, basi. Sumu ya panya inamaliza kazi kwa sababu hawezi kurudisha alichokula.

Nikasema basi mimi nina undugu na panya kwa mbali, nitajifunza.

"Hapana," mzee akasema, kwa sauti. "Wewe ni kirukanjia. Yule anafanana na panya lakini siyo panya. Yule anatapika. Wajapani wanamtumia maabara. Wakimtikisa tu, anatoa."

Kipanya kizima kikacheka. Kirukanjia! Yule wa kwenye mitaro, anayenuka. Na kusema kweli wakati huo harufu ilikuwa upande wa mzee, sikuwa na la kujitetea.

Nilishuka Lushoto miguu haina habari na mimi. Shati siyo jeupe tena. Mfuko mbadala umeshuka na mimi, unadondosha njia nzima mpaka mlangoni. Mama mkwe akanipokea vizuri, akakipokea kitenge kwa vidole viwili, akanipa maji kabla sijasema hodi ya pili. Nikamsimulia mke wangu yote, nikitegemea pole. Akafikiri, akasema, "Baba Zai, kwa mambo unayokula stendi, ungekuwa panya ningekuwa mjane zamani."

Kwa hiyo ndugu yangu, ukinikuta Mombo nasubiri gari, ile siti ya mbele kwa dereva niachie. Nikae naangalia mbele, mbali, mlimani, natafuna tangawizi yangu. Mzee alisema vinasaidia. Ukiwa umeniwahi, nauli umelipa, na hunijui, haya, kaa. Ila mimi nitawekwa kwenye kile kibao mgongoni kwako, na hii kitu inaambukiza.