Bakuli Lenye Kuta

Siku hizi mtoto wa mbwa wa Masaki, mtaa wa matajiri, akila kwa pupa hununuliwa bakuli la plastiki lenye kuta ndani, ahangaike kuzitafuta punje. Haya. Ila jiwe safi asiloweza kulimeza, likikaa katikati ya bakuli la kawaida, hufanya kazi hiyohiyo bure. Au mtandazie chakula kwenye sinia, umgawie mara tatu kwa siku. Maskini, kazoea kugombania chakula na ndugu zake. Anadhani bado wako nyuma yake. Akibugia hupaliwa na kutapika, na mbwa wenye umbo kubwa, tumbo lao huweza kujaa hewa likajisokota, wakafa. Anayemfokea “Polepole!” ni yule anayemaliza pilau la harusi kabla bwana harusi hajanawa. Mnunulieni naye hilo bakuli.