Sifa za Bwana Date, Mtunza Saa

Saa saba na robo usiku, mteja wangu mmoja mwenye mabasi alinipigia simu kuniuliza kwa nini leo ni jana. Hakuwa amelewa. Abiria alikuwa amekata tiketi kwenye tovuti niliyomtengenezea, akalipa kwa simu, na tiketi ikatoka na tarehe ya siku iliyokwisha saa moja na robo kabla. Basi la tarehe hiyo lilikuwa limeshaondoka, limeshafika na limeshaoshwa.

Mtu mwingine angeomba radhi. Mimi nimekaa chini nimsifu mhusika, maana kwa miaka yote ninayotengeneza kurasa za wavuti nimemtukana vya kutosha na sijaona akibadilika hata kidogo.

Mhusika anaitwa Date. Ndani ya JavaScript, lugha inayoendesha karibu kila ukurasa unaoufungua kwenye kivinjari, yeye ndiye mtunza saa na mwandishi wa tarehe. Ukitaka kujua sasa ni saa ngapi, unaandika new Date() naye anakujibu papo hapo. Ukisahau lile neno new, hanuni. Anakupa maandishi matupu yenye sura ya tarehe, mazuri kwa kutazama, ila ukiyafanyia hesabu hayahesabiki. Hiyo ndiyo heshima yake ya kwanza: hamnyimi mtu jibu.

Sifa huanza na ukoo. Mei 1995, katika kampuni ya Netscape, Brendan Eich aliitengeneza JavaScript kwa siku kumi. Wakubwa walitaka ifanane na Java, ambayo wakati huo ilikuwa bibi harusi mpya mjini. Siku kumi hazitoshi kubuni kalenda, hazitoshi hata kuchumbia, kwa hiyo Date wa Java akanakiliwa alivyo, na makunyanzi yake. Java nayo ilikuwa imerithi tabia hizo kwa babu, lugha ya C ya miaka ya 1970. Mwaka 1997 Java ilitoa toleo la 1.1 na kutangaza kwamba mbinu nyingi za Date wake zisitumike tena. Baba kamkana mwana, na mwana alikuwa ameshaenea dunia nzima kwa jina lile lile. Ni wangapi kati yetu wangebeba aibu hiyo miaka yote hii na kuamka kila siku kwenda kazini?

Sasa angalieni anavyohesabu. Miezi anaanzia sifuri: Januari ni 0, Desemba ni 11. Siku za mwezi anaanzia moja. Siku za wiki anarudi kwenye sifuri. Kwa hiyo uhuru wa Tanganyika, 9 Desemba 1961, unaandikwa mwaka 1961, mwezi 11, siku 9. Kijana aliyefundishwa vizuri shuleni ataandika mwezi 12, na Date hatamgombeza. Atachukua uhuru wetu kimyakimya na kuusogeza hadi 9 Januari 1962, jambo ambalo Waingereza wenyewe hawakufanikiwa kulifanya.

Kwenye siku za wiki ndipo anapotuenzi sisi wasema Kiswahili kuliko watu wote. Majina yetu yana namba ndani: Jumamosi ya kwanza, Jumapili ya pili, hadi Jumatano ya tano. Date anasema Jumapili ni 0, Jumatatu ni 1, Jumanne ni 2, Jumatano ni 3. Jumamosi, ile ya mosi, ni 6. Mwingereza akisoma orodha hiyo hahisi kitu, kwa sababu Monday haina namba ya kubishana nayo. Mswahili lazima asimame, ajue kwamba tatu ni moja na tano ni tatu, kisha aendelee na kazi. Mazoezi haya ya akili tunapewa bure.

Mwaka nao una namna yake. Zamani uliupata kwa getYear, iliyotoa mwaka ukiwa umepunguzwa 1900. Mwaka 1997 jibu lilikuwa 97, watu wakabandika “19” mbele yake na maisha yakaendelea. Ilipoingia 1 Januari 2000 jibu likawa 100, na kurasa nyingi duniani zikatangaza kwamba tumefika mwaka 19100. Hata tovuti ya kituo cha falaki cha Jeshi la Majini la Marekani, wanaotunza saa rasmi ya nchi ile, ilionyesha mwaka huo. Wengine walikuwa wamejificha na makopo ya maharage wakisubiri kompyuta ziturudishe 1900. Kurasa hizo zikatusogeza mbele miaka elfu kumi na saba na ushei bila kumwaga hata chai. Dawa ikaja, getFullYear, na getYear haikufutwa. Ipo mpaka leo, inamsubiri mwanafunzi.

Chini ya hayo yote, Date hajui mwezi wala wiki. Anachokijua ni namba moja tu: milisekunde zilizopita tangu saa sita usiku ya kuamkia 1 Januari 1970, kwa saa za Greenwich. Kila kilichotangulia ni hasi. Uhuru wa Tanganyika kwake ni hasi bilioni 254 na ushei. Muungano ni hasi, Azimio la Arusha ni hasi. Mambo yote ambayo wazee wetu wanayakumbuka vizuri, Date ameyaandika kama deni. Upande wa mbele ni tajiri: anaweza kuhesabu bila kutetereka hadi 13 Septemba 275760. Tarehe hiyo anaijua kwa uhakika. Asichoweza kukuambia moja kwa moja ni mwezi huu una siku ngapi.

Nirudi kwa mwenye mabasi, maana bado yuko kwenye simu.

Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele ya Greenwich. (Date ukimwuliza tofauti hiyo anajibu -180, yaani dakika mia na themanini kinyumenyume, lakini tumwache.) Ipo mbinu inaitwa toISOString, ambayo kila mtengeneza tovuti huipenda kwa sababu inatoa tarehe iliyonyooka: mwaka, mwezi, siku, na hapo mwezi unaanza na moja kama kwa watu wengine. Sharti lake ni kwamba huandika kwa saa za Greenwich. Kuanzia saa sita usiku mpaka saa tisa usiku, Dar es Salaam imeshaingia leo na Greenwich bado iko jana. Programu ikikata herufi kumi za mwanzo na kuziita “leo”, itakuwa sahihi saa ishirini na moja kwa siku. Nilikuwa nimeijaribu mchana, tena mara nyingi. Hakuna mkaguzi anayekagua tiketi saa nane usiku isipokuwa abiria.

Kuna pia upande wa pili wa shilingi hiyo. Nilitengeneza ukurasa wa mwaliko wa harusi ya binamu yangu, Jumamosi, 6 Julai 2024. Niliandika “2024-07-06”, nikamwomba Date aitoe kwa Kiswahili cha Tanzania, sw-TZ, naye, nampa haki yake, akaandika Jumamosi na Julai bila kosa la tahajia. Shangazi yetu aliyeko Minneapolis akaufungua, akaona Ijumaa, tarehe 5. Tarehe ikiandikwa hivyo bila saa, Date huichukulia kuwa ni saa sita usiku ya Greenwich. Dar es Salaam hiyo ni saa tisa usiku wa Jumamosi, Minneapolis ni saa moja jioni ya Ijumaa. Ukiongeza saa mwishoni mwa maandishi yale yale, anabadili mawazo na kuichukulia kuwa ni ya pale ulipo. Shangazi alikata tiketi ya ndege akawahi siku nzima. Katika historia ya ukoo wetu hakuna mtu aliyewahi kuwahi harusi. Sifa hiyo ni ya Date peke yake.

Kisha kuna saa yetu. Sisi saa tunazihesabu tangu jua lichomoze: likishachomoza inakuja saa moja, likiwa utosini ni saa sita. Date anahesabu tangu usiku wa manane, na hata akiandika kwa Kiswahili anaandika 14:00 pale ambapo kila mama mwenye nyumba anajua ni saa nane mchana. Watu hulalamika kwamba mashine haikutuzingatia. Mimi nasema imetuzingatia sana, imetuachia hesabu ya kufanya: chukua saa yake, ongeza sita, gawanya kwa kumi na mbili, baki ndilo jibu, baki likiwa sifuri, andika kumi na mbili. Nimewafundisha vijana wengi hesabu hii, na kila mmoja alicheka, kwa sababu ndiyo anayoifanya kichwani kila siku akitazama kioo cha simu na kumjibu bibi yake. Mhandisi wa ng’ambo hutaabika akiambiwa namba iliyoandikwa siyo inayomaanishwa. Sisi tumekulia humo. Na kwa watu wa pwani, ambao “usiku wa Ijumaa” kwao ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, Date anayeanza siku usiku wa manane ndiye mgeni asiyejua mila.

Isitoshe, ni mpole kupita kiasi. Mpe tarehe 31 Februari 2023. Kalenda ya ukutani ingekataa, yeye anaihesabia siku zake na kukupa 3 Machi. Siku ya tarehe 31 Januari mwambie asogeze mwezi uwe Februari, atakupeleka Machi kwa ukarimu huo huo. Programu ya namna hiyo hufanya kazi vizuri tangu tarehe 1 hadi 28, na huharibika mwisho wa mwezi, wakati ule ule ambapo mifuko yetu nayo imeharibika. Ukimwazima kwa sehemu nyingine ya programu, anaweza kurudi akiwa na tarehe nyingine, kama baiskeli iliyoazimwa na jirani. Na saa yenyewe anaiuliza kwenye simu ya mtumiaji: mtoto akisogeza saa ya simu mbele ili apate nafasi mpya kwenye mchezo, Date naye anasogea, hana kinyongo, hana ushahidi.

Fikirieni pia ajira. Kwa sababu yake iliandikwa zana ya tarehe, Moment.js, mwaka 2011, ikatumika kila pembe ya dunia, na mwaka 2020 watunzaji wake wakawashauri watu wasiianzie nayo kazi mpya. Wakati huo wadogo zake Luxon, Day.js na date-fns walikuwa wameshazaliwa. Sasa ndani ya JavaScript yenyewe amekuja Temporal, anayeanza miezi na moja na anayejua kutofautisha tarehe tupu na saa ya mahali. Firefox walimpokea Mei 2025 katika toleo la 139. Nimemjaribu. Hana kosa la kusimulia, ukimpa 31 Februari unaweza kumwamuru akatae, na sijapigiwa simu usiku kwa sababu yake. Siwezi kumwandikia sifa hata aya moja.

Date hatafutwa, kwa sababu kurasa zilizoandikwa tangu 1995 zinamtegemea pamoja na makosa yake. Tovuti ya mabasi nimeirekebisha kwa mistari miwili. Lakini zipo nyingine nyingi, na si zote nilizitengeneza mimi. Kwa hiyo, msomaji, ukikata tiketi saa saba usiku ukaona tarehe ya jana, usimgombeze kijana wa dirishani. Piga picha ya skrini, weka simu chini, ulale. Ukifungua ukurasa huo baada ya saa tisa, utakuta leo imefika.