Barua ya Wazi kwa Boma la Tanga

Kwa: Bwana Mkubwa, Boma la Tanga (lilikohamia halikuacha anwani)

YAH: KUPOTEA KWA BABU DAFTARINI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Nasaba ya mtu wa Tanga hukwama mapema, na chanzo ni adabu ya Boma la mkoloni. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilitungwa 1920, lakini Mwafrika hakulazimishwa kujiandikisha; Boma lilichelea kumsumbua. Kwenye kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa na Mdachi (Mjerumani) 1898, kuchelea huko hakukuwapo: mwenye nyumba alionekana hata akijificha mvunguni. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kumtafuta babu alikodaiwa, si alikozaliwa. Majalada ya Mdachi yaliyosalia yamo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

Mkwamo wa pili ni jina. Ali bin Juma humzaa Juma bin Ali, naye humzaa Ali, hata mlango mmoja wa mtaa wa Ngamiani ukawa na kina Ali watatu. Wanaowatenganisha ni watu wa pembeni: mashahidi wa nikahi, mashemeji, mashangazi. Kwa Wakristo, daftari la ubatizo la misheni kama Magila, Muheza, lina kazi hiyohiyo. Gazeti la Kiongozi, lililochapwa Tanga tangu 1904, lilipokea habari za miji kutoka kwa walimu na makarani. Babu aliyejua kalamu huenda yumo.

Mkwamo wa tatu ni mkonge. Mtu wa Kigoma, Songea au Urundi aliingia shambani na jina, akapewa namba. Ndiyo asili ya neno manamba. Kipande chake, yaani kadi yake ya kazi, kilihesabu siku 30 za kazi kwa uangalifu ambao ndoa yake haikuupata. Hapa huanzwa na shamba, kisha kambi, kisha msiba: watani wanaokuja kuchekesha matangani hufichua kabila ambalo ukoo umeshalisahau.

Yote yakishindikana, hubaki karatasi ya majina ya marehemu anayopewa shehe kwenye hitima. Haina muhuri wala namba ya jalada, ina mababu.

Boma linaombwa kurejesha majina, likipenda libaki na kodi.

Wako katika ujenzi wa ukoo,
Mjukuu

Nakala: Marehemu wote (kwa taarifa)