Samaki wa Mtandaoni na Pasi ya Mama Mkwe

Kampuni yetu ya kuuza samaki mtandaoni ilikuwa na makao makuu kwenye meza ya chakula, Tabata, na ghala ndani ya friji ya mlango mmoja. Mkurugenzi nilikuwa mimi. Mama watoto alikuwa mhasibu, mpara samaki, na mtu wa kuniuliza kila usiku, "Leo wameagiza wangapi?" Tulifungua Ijumaa, tarehe 10 Mei 2024. Hadi tunalala tulikuwa na oda mbili, moja ya shemeji yangu.

Jumamosi mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, alichomoa ruta akachomeka pasi. Akanyoosha kanga zake zote, jozi kwa jozi, saa nzima. Nikatabasamu tu, maana mama mkwe hakemewi. Usiku nikabandika karatasi juu ya ekstensheni: USICHOMOE. Kumbe bila miwani hasomi.

Jumapili alfajiri nikaenda soko la samaki la Feri. Mnada una wazimu wake. Nilifuata kilo kumi, nikatoka na deli la kilo 25, vibua na changu, nikijipa moyo kwamba watu wakitoka kanisani watashika simu. Saa tano, kimya. Saa sita, kimya. Tovuti haifunguki hata kwangu mwenyewe niliyeitengeneza. Barafu ikayeyuka, maji yakatoka chini ya deli yakafuata mkeka. Nikaangalia ruta, nikaona pasi imekaa ubavuni mwake, ulimi ukanitangulia:

"Mama, umechomoa tena?"

Sebule nzima ikanyamaza. Mama mkwe akajitanda kanga vizuri. "Mimi leo hata pasi sijaigusa, baba." Mke wangu akanitazama kama anavyomtazama samaki wa juzi.

Redio ndiyo iliyoniumbua. Mikongo ya intaneti ya baharini ilikuwa imekatika huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Kenya nao walikuwa wanahangaika vilevile. Yaani nimemsingizia mkwe wangu kosa lililotokea chini ya bahari! Nilikaa mkekani, penye maji hapohapo, nikamwomba radhi, na shilingi elfu kumi mkononi. Akazipokea bila kuzihesabu, jambo ambalo si dalili nzuri.

Kisha akaomba miwani yake, akatoa kitochi. Simu za kawaida zilikuwa zinapita. Wiki mbili tu alizokaa kwetu alikuwa ameshaingia kikoba cha mtaani, nami sikujua. "Dada, changu wa leo leo, njoo na beseni." Akapiga ya pili, ya tatu. Malipo wakatuma kwa kubonyeza nyota na namba, mtindo usiohitaji intaneti hata kidogo. Miezi mitatu nilikuwa nimekesha nikitengeneza kitufe cha "weka kikapuni". Yeye alimaliza deli kabla ya magharibi.

Mama watoto akapiga hesabu mara mbili. Faida ya kwanza ya kampuni: shilingi 31,000. Nikaandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu, kwa raha tu.

Mama mkwe akasogea mezani, akanyoosha kiganja.

"Na changu?"

"Changu wamekwisha, mama. Wote."

"Siulizii samaki, baba."