Jinsi ya Kumkinga Mwanao na Mkono wa Birika

Hakuna azaliwaye na mkono wa birika. Mtoto wa miaka miwili hukulisha biskuti aliyokwisha kuilamba, tena hununa ukiikataa. Kazi ya mzazi ni kutouharibu moyo huo, na hapa kwetu Unguja hakuna darasa lipitalo mwezi wa Ramadhani.

Anza na futari. Kabla ya adhana ya magharibi, pakua sahani ya jirani mjane kwanza, ndipo mpakue zenu. Muhogo wa nazi, tambi, kaimati juu yake, funika kwa kawa, mkabidhi mwanao. Kaimati moja ikipotelea njiani usiulize. Hiyo ni ada ya mchukuzi. Mfundishe la kusema akifika: "Hodi! Shikamoo, bibi. Mama anakusalimu, anasema ufuturu na hiki." Basi. Asiseme kwamba kimeletwa kwa kuwa bibi hana. Mjane anajua kilichomo chunguni mwake, hahitaji kutangaziwa na mtoto wa miaka sita.

Sahani ikirudi na ndizi mbili, usizirudishe kwa kisingizio cha huruma. Ukimnyima bibi nafasi ya kutoa, umemfanya ombaomba, na mwanao ameona. Zile ndizi zileni, tena mbele ya mtoto, mkizisifu.

Simu iache ndani. Mtoto akizoea kupigwa picha kila anapotoa, siku chaji ikiisha na huruma imekwisha.

Kwenye nguo kanuni ni fupi: shati ambalo mwanao hawezi kulivaa Idi, mwana wa mwenzio naye asivalishwe. Lililochanika kwapa na kukosa vifungo lina kazi yake, nayo ni kupigia deki.

Sasa zaka ya fitri, na hapa usiwe na haraka. Kila mtu wa nyumbani hutolewa pishi moja ya chakula, yaani vibaba vinne, kama kilo 2.5 za mchele, hata kichanga aliye mgongoni. Wazazi wengi hulimaliza jambo hili kimyakimya, mtoto asijue kwamba naye amehesabiwa. Mwite. Mpe kibaba apime mwenyewe: ya baba, ya mama, yangu, ya mdogo wangu. Mchele utamwagika, mtauokota. Uwe ule ule mnaoula, si wa chuya mlioukwepa mwezi mzima. Mweleze pia kwa nini unafikishwa kabla ya swala ya Idi: ukichelewa unahesabiwa sadaka ya kawaida, na nyumba ya watu imeamka sikukuu bila chakula.

Siku ya Idi atapewa pesa na shangazi na wajomba. Usimpokonye ukazigawe kwa jina lake. Hapo atajifunza kuzificha soksini. Mwambie tu kwamba yatima wa mtaa wa pili hana wa kumpeleka kwenye bembea za sikukuu Mnazi Mmoja, kisha mchukue na yeye. Wakibembea pamoja, wenyewe watagawana peremende, na ugomvi kidogo hautakosekana.

Ikiingia Mfungo Mosi, wengi wetu hutundika kawa ukutani mpaka mwakani. Tafadhali, mzazi mwenzangu, lako lisitundikwe. Bibi hula miezi yote kumi na miwili.