Namna ya Kuipunguzia Hilux Miaka kwa Saiti Mira Tu

Hilux yako ni ya 1994. Wewe unajua, fundi anajua, kadi ya gari inajua. Jirani hana haja ya kujua. Kubadilisha grili na taa kutakumaliza, kupiga rangi upya ndiyo usiseme. Saiti mira mbili nzuri zitafanya kazi hiyo kwa robo ya usumbufu, kwa sababu ndizo zinazotangulia kuonekana gari linapokata kona kuingia mtaani. Fuata hatua hizi na danganya upendavyo: umri, bei, kromu, hata umeme. Vitu viwili tu usiviguse: ukubwa wa kioo na ugumu wa mkono wake. Tukifika kwenye mzigo utaelewa.

Kwanza, dukani usitaje mwaka. Fungua boneti, tafuta kibati cha chuma, soma herufi: LN, YN au RN, na namba zinazofuata. Hilux za 1988 hadi 1997 nyingi hufungwa saiti mira kwenye pembetatu ya mbele ya dirisha, na ukitaja mwaka peke yake utapewa kinachokaribia. Kinachokaribia hakifungiki. Usitamani za Vigo, zile zilizoanza 2004. Pembetatu yake ina umbo jingine, na fundi atakayekuahidi kuichonga ikae ataharibu mlango.

Pili, nunua used. Nenda kwenye vipuri vya Gerezani au Shaurimoyo asubuhi, ukiwa umevaa kawaida. Omba iliyotoka Japani. Wajapani huendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo kioo kimelengwa kwa dereva anayekaa kulia. Muuzaji atakuletea kwanza ya Dubai, yenye kromu inayomeremeta, na moyo wako utalainika. Ushikilie. Gari la kule lina usukani kushoto, na saiti mira yake ya kulia imetengenezwa imtazame mtu aliyekaa mbali, ng'ambo ya pili ya kabini. Kama kromu imekushinda kabisa, basi kaa kwenye kiti chako, mwambie kijana aishike mlangoni pale pale itakapofungwa, uangalie. Ukiona mlango wako na mawingu, rudisha.

Angalia pia kama kioo kina maandishi ya Kiingereza yanayoonya kuwa vitu viko karibu kuliko vinavyoonekana. Sheria ya Marekani inayadai kwenye kioo mbinuko cha upande wa abiria. Kioo cha namna hiyo hukuonyesha eneo pana, lakini kinaipunguza bodaboda mpaka udhani iko mbali, kumbe imeshafika kwenye tairi lako la nyuma. Upande wa kushoto kinakufaa sana. Ila kizoee taratibu kabla hujaingia nacho Barabara ya Mandela.

Tatu, na hii ni siri ambayo fundi umeme hatakupa bure: saiti mira ya umeme inapendeza hata kama haijaungwa waya hata mmoja. Ndani kuna vimota viwili, kimoja cha juu na chini, kingine cha kulia na kushoto, na nyingi zinakubali kusukumwa kwa kidole bila kuumia. Funga ncha za waya kwa tepu ya umeme, zisukumie ndani ya mlango, maliza. Abiria akiuliza swichi iko wapi, ongeza sauti ya redio.

Yenye indiketa, hiyo iunge kweli. Fundi achukue umeme kwenye indiketa ya ubavuni, upande ule ule. Ni volti 12 zile zile. Anayekufuata ataiamini taa hiyo kwa maisha yake.

Nne, kufunga. Bandua kipande cha plastiki cha ndani, utakuta skrubu tatu. Kabla hujazigusa, ziba nafasi iliyo chini yake kwa kitambaa, maana skrubu ikidondokea ndani ya mlango utaisikia ikigongagonga mpaka Chalinze. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli, toboa matundu matatu, kiweke kati ya saiti mira na bati. Raba hiyo inazuia maji, na muhimu zaidi inatuliza mtetemo. Injini ya dizeli ya umri huu hutikisa kioo mpaka taa mbili za nyuma yako zinaonekana nne. Paka skrubu tone la rangi ya kucha zisilegee. Omba nyumbani, usinunue.

Sasa mzigo, na namna ya kutega vioo. Mwaka 1995 mhandisi George Platzer aliwaeleza wenzake wa sekta ya magari Marekani kwamba madereva hutega vioo vya pembeni kwa ndani mno, vikarudia kile ambacho kioo cha kati tayari kinakionyesha. Dawa yake: egemeza kichwa kwenye dirisha lako, sogeza kioo cha kulia nje mpaka ubavu wa gari uonekane kwa shida, kisha inamia katikati ya kabini, fanya vivyo hivyo cha kushoto. Pikapu ikiwa tupu, fuata ushauri huo. Ukipakia mahindi hadi juu ya kabini, kioo cha kati kinakuonyesha gunia. Hapo rudisha vioo ndani kidogo, uone ukingo mwembamba wa bodi na barabara yote ya nyuma, kwa kuwa huna pengine pa kuiona. Ndiyo maana nilikukataza kudanganya kwenye ukubwa wa kioo na ugumu wa mkono wake: kidogo cha urembo, au kinachotikisika, hakitakuonyesha barabara hiyo. Na kama unapakia kila siku, mlipe fundi umeme akuwekee swichi ya upande wa kushoto tu. Kuzunguka gari kila mara ili ukisukume kioo hicho kwa kidole kutakuchosha, na ukichoka utaacha.

Vile vioo vya duara vya kubandika vinavyouzwa kwenye foleni, chukua kimoja. Kiweke pembe ya chini, upande wa nje, kushoto.

Gari likishapendeza, vibaka nao wataliona. Kabla hujalilaza nje, andikisha namba ya gari kwenye vioo vyote viwili, kubwa, katikati ya ukingo wa chini, kisha piga ripiti kwenye plastiki. Kioo chenye namba ya mtu hakina soko zuri.

Zile saiti mira kuukuu zifunge kwenye gazeti, uziweke nyuma ya kiti. Ya kushoto utaihitaji.