Bibi Adaiwa Kodi ya Nyumba Yake Mwenyewe

Ukikaa chini ya mwavuli wa wakala hapa Mpitimbi, una simu mbili na daftari, watu wanaamini umesomea kompyuta. Mimi sijasomea. Kazi yangu ni kuweka na kutoa pesa, nakula kamisheni, basi. Lakini wateja wamenipa cheo cha pili kisicho na mshahara: fundi wa simu, msomaji wa meseji na mkuu wa kikosi cha kupambana na matapeli.

Meseji zenyewe unazijua. "Ile hela tuma kwenye namba hii." Hela ipi? Hasemi, na ujanja wote uko hapo, maana nchi hii nani hana hela anayodaiwa mahali?

Nyingine ni ya mwenye nyumba anayekumbushia kodi. Hiyo ilimfikia bibi jirani yangu, ambaye nyumba yake aliijenga na marehemu mumewe, tofali wakachoma wenyewe. Akaja amefura: "Mjukuu wangu, huyu mwenye nyumba alikuwa wapi siku tunasomba maji ya kufyatulia tofali?" Nikamwambia asijibu. Akampigia, akamuuliza hilo hilo. Aliyekata simu ni tapeli.

Padre mmoja mpita njia naye aliletewa habari kwamba mwanawe amedondoka shuleni, atume hela ya hospitali haraka. Akanionyesha meseji mbele ya foleni nzima, tena kwa sauti, ili mashahidi wawepo. Na babu mmoja alipoalikwa kujiunga na Freemason apate utajiri, hakuuliza kama ni kweli. Aliuliza kama kiingilio wanapokea mahindi.

Ufundi nao una mambo yake. Mzee analalamika simu haina mtandao. Naangalia, juu kuna alama ya ndege. Baba, uwanja wa ndege uko Songea mjini, huku simu yako imepanda ndege ipi? Mwingine akitaka kutoa pesa ananitajia namba ya siri kwa sauti ya mnadani, gulio zima linasikia. Ila ukimuuliza jina la pili, anakutazama kwa mashaka: "La nini?"

Kinachoniudhi zaidi ni vidole. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 1, 2019, na Januari 20, 2020 ambao hawajasajili wakaanza kuzimiwa. Yule bibi jirani yangu jembe limemlainisha vidole mpaka mashine ikawa haivioni. Alihangaika kama anaomba pasipoti. Tapeli laini anayo, tena imesajiliwa. Kwa vidole vya nani? Piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, usije ukakuta ni vyako.

Halafu njoo kwenye mbolea. Tangu ruzuku ianze msimu wa 2022/2023, mkulima anajisajili, na namba ya kununulia mbolea inakuja kwa simu. Meseji hiyo ndiyo wanayoifuta! Mvua zimekaribia, mtu anakuja kwangu mikono kichwani: "Niliona namba ndefu, nikajua matapeli." Ukifungua simu yake, ya Freemason ameitunza vizuri.

Nami siwalaumu sana. Tapeli anaandika sentensi moja, Kiswahili safi, anakuita ndugu. Ukipiga huduma kwa wateja upate msaada wa kweli, unaambiwa bonyeza moja, bonyeza tatu, subiri, unapigiwa muziki mpaka chaji inaisha. Wezi wametushinda kwa adabu.

Sasa sikilizeni, wateja wangu. Meseji ya kitapeli usiijibu, na usikimbilie kuifuta. Itume kama ilivyo kwenda 15040, ni bure. Ukijibiwa, watumie namba ya huyo tapeli. Namba ya siri ni yako peke yako, hata mimi sitaki kuijua. Ya mbolea iandike kwenye daftari. Na anayekuja kuondolewa ndege kwenye simu, aweke japo soda mezani.